Kabati la gemu huanzia mikononi

Anayetaka kujijengea kabati la gemu la nyumbani, lile la kusimama lenye skrini usawa wa uso na vitufe usawa wa kiuno, kwa kawaida huanza kwa kutafuta michoro ya kukatia mbao. Mimi nilianza na daftari. Niliandika gemu ninazozicheza kweli, zile za kutaja mbele za watu nikaziacha, na kwa kila moja nikaandika mikono inafanya nini. Ukurasa huo ndio ulioamua yaliyofuata: upana wa kabati, skrini ilale au isimame, jostiki (ile fimbo ya kuelekezea) ya aina gani, hata paneli iwe ya mbao gani.

Ukizitazama mashine za zamani za kutumbukiza sarafu kwa jicho hilo, unaona kwamba kila moja ilijengwa kwa ajili ya gemu yake, na paneli ni sehemu ya gemu yenyewe. Space Invaders ya mwaka 1978 inataka kwenda kushoto, kwenda kulia na kufyatua, basi. Pac-Man ya mwaka 1980, iliyobuniwa na Toru Iwatani wa Namco, ina jostiki moja na haina kitufe chochote cha kuchezea. Vilivyopo ni vya kuanzisha mchezo. Asteroids ya mwaka 1979 haina jostiki kabisa: ina vitufe vitano, viwili vya kugeuza chombo, kimoja cha kukisukuma mbele, kimoja cha kufyatua na kimoja cha kutoweka na kuibukia kwingine. Robotron: 2084 ya mwaka 1982 inampa mchezaji mmoja jostiki mbili, mkono mmoja unatembea na mwingine unafyatua. Centipede huchezwa kwa mpira unaozungushwa na kiganja. Halafu mwaka 1991 ikaja Street Fighter II na vitufe sita kwa kila mchezaji, vitatu vya ngumi na vitatu vya mateke, watu wawili bega kwa bega.

Anayetaka yote hayo kwenye paneli moja huishia na kitu kama chumba cha rubani. Nimewahi kucheza kwenye kabati la namna hiyo: jostiki nne, mpira katikati, gurudumu pembeni, vitufe vimejaa mpaka huoni ubao. Unataka kucheza Galaga, gemu ya kwenda kushoto na kulia na kufyatua, lakini kiganja hakina pa kulala na kidole kinapapasa kutafuta kitufe kimoja kati ya ishirini. Daftari langu liliniambia jambo jepesi zaidi. Karibu gemu zote nilizoandika zilitoka kati ya mwaka 1978 na miaka ya mwanzo ya themanini, watu hucheza kwa zamu, na picha yake imesimama, ndefu kuliko upana. Basi nikaamua: jostiki moja, vitufe vitatu, skrini ya kusimama.

Kabla sijagusa ubao nilitengeneza paneli ya katoni. Nilikata kipande kigumu cha upana wa sentimita 65, nikatoboa matundu, nikapachika jostiki na vitufe halisi, nikaiweka juu ya rafu ya urefu wa kiuno na kusimama mbele yake nikichezesha mikono, bila umeme wala skrini. Ukimkuta mtu katika hali hiyo utamuuliza kama yuko salama. Lakini dakika kumi za mchezo huo wa kipumbavu zinakueleza mambo ambayo mchoro hauyasemi. Kifundo cha mkono kinataka mahali pa kuegemea, kwa hiyo jostiki haiwezi kukaa karibu na ukingo wa mbele. Vidole havilingani urefu, kwa hiyo vitufe vilivyopangwa kwenye mstari ulionyooka vinachosha. Kile cha kidole cha kati kinatakiwa kupanda kidogo. Njia rahisi ni kulaza kiganja juu ya katoni, kulegeza vidole na kuweka alama ya kalamu pale ncha zinapogusa. Kwa urefu wangu, paneli ilitulia kwenye sentimita 95 kutoka sakafuni, ikiinama kidogo kuelekea kwangu. Mtoto ataletewa stuli. Kushusha paneli ili kila mtu aifikie ni kumpa kila mtu maumivu ya mgongo.

Jambo lisilopewa uzito, na mimi nalipa uzito kuliko yote, ni pembe za jostiki. Jostiki nyingi zinazouzwa leo ni za pande nane: juu, chini, kushoto, kulia, na mishazari minne. Ndani yake kuna swichi ndogo nne tu. Ukiisukuma fimbo mshazari, swichi mbili zinabonyezwa kwa pamoja. Kwenye gemu za mapigano hilo ndilo unalolitaka. Kwenye Pac-Man ni balaa. Vichochoro vyake havina mshazari. Kuna pande nne, na kila kona inakatwa mraba. Unapoikata kwa haraka fimbo inapitia pembeni, swichi mbili zinafunga kwa pamoja, na Pac-Man anakipita kichochoro ulichokitaka huku mzimu mwekundu ukiwa mgongoni. Kwenye Donkey Kong ni vilevile: unamfikisha Mario chini ya ngazi, unasukuma juu, hapandi, na pipa linateremka.

Dawa yake iko chini ya fimbo. Ipindue jostiki kama ile ya Sanwa aina ya JLF, utaona sahani ya plastiki yenye tundu la mraba, na fimbo inacheza ndani ya tundu hilo. Kona za mraba ndizo zinazoipa fimbo nafasi ya kwenda mshazari. Fungua sahani, igeuze nyuzi 45, irudishe. Sasa tundu limesimama kwa kona yake: kona moja inaelekea juu, moja chini, moja kushoto, moja kulia, na ukisukuma mshazari fimbo inagonga ukuta kabla swichi ya pili haijafunga. Mwanzoni mkono unalalamika kwamba fimbo imebanwa. Baada ya muda mfupi unaanza kukata kona bila kufikiri. Baadhi ya programu za kuendeshea gemu nazo zina namna ya kuchuja mishazari kwa gemu za pande nne, na husaidia, ila mkono hauambiwi kitu. Ukuta wa sahani unauambia.

Katoni ilinionyesha pia suala la unene, kwa sababu yenyewe ni nyembamba na fimbo ilisimama juu yake vizuri. Ubao wa milimita 18 unaimeza fimbo. Juu kinabaki kirungu na shingo fupi. Vitufe vya Kijapani vya milimita 30, vile vinavyobana kwa meno ya plastiki, vimekusudiwa paneli ya milimita chache, na kwenye ubao mnene meno hayafiki upande wa pili. Hapo unachukua vitufe vyenye shingo ndefu vinavyokazwa kwa nati. Kwa jostiki, unachimba ubao upande wa chini kwa mashine ya ruta mpaka pabaki milimita 5 hivi pale fimbo inapopita. Ndiyo maana paneli yangu ni plaiwudi ingawa kabati zima ni MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. MDF ya milimita 5 chini ya mtu anayepigania maisha yake ya mwisho haidumu.

Kuhusu mwili wa kabati sina mengi, kazi ni ya useremala wa kawaida na MDF inakatika vizuri. Vumbi lake ni baya kwa mapafu, kwa hiyo barakoa ya kuchuja vumbi laini ni lazima, na kukata kufanyike nje. Usipige skrubu kwenye ukingo wa ubao bila kutangulia na tundu dogo la drili, ubao utapasuka. Kingo hunywa rangi kama hazijawahi kuiona, kwa hiyo zipakwe kizibo au praima kwanza na kupigwa msasa. Ubavu wa kwanza ndio unaokatwa kwa uangalifu. Wa pili unaufunga juu yake na kuukata kwa kuufuatisha, vikatoka pacha. Na pima mlango wa chumba kabla ya kufunga chochote kwa gundi. Ubao mzima wa mita 2.44 kwa 1.22 wenye unene wa milimita 18 una uzito wa kilo 40 hivi, na kabati linakula zaidi ya mmoja. Langu linagawanyika mara mbili kwa bolti, juu na chini, na lina magurudumu nyuma ili nililaze na kulisukuma peke yangu.

Kwenye skrini nilivutwa sana na TV ya chogo. Rangi zake zinang'aa kwa namna ambayo skrini bapa haijawahi kuifikia, na gemu hizi zilichorwa kwa ajili yake. Nikaiacha kwa sababu mbili: uzito, na kile kilichomo ndani. Kioo cha chogo hufanya kazi kwa umeme wa makumi ya maelfu ya volti, na kinaweza kuhifadhi chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Anayejua kuitoa chaji hiyo ataendelea. Mimi nilitafuta skrini bapa ya kompyuta, ya zamani kidogo, yenye umbo la 4 kwa 3.

Hapo kuna hesabu inayonifurahisha mpaka leo. Picha ya Pac-Man ina pikseli, yaani nukta za picha, 224 kwa upana na 288 kwa kimo, na ya Galaga ni hivyohivyo. Skrini ya pikseli 1600 kwa 1200 ukiisimamisha ina upana wa 1200 na kimo cha 1600. Zidisha picha ya zamani mara 5: inakuwa 1120 kwa 1440, inaingia, na kila nukta ya zamani inakuwa mraba safi wa 5 kwa 5. Hakuna kukisia, hakuna ukungu kwenye kingo. Ukiiongeza mara 5 na kitu ili ijaze skrini yote, baadhi ya nukta zinakuwa nene kuliko jirani zake, na herufi za alama zinaonekana zimevimba upande mmoja. Utepe mweusi pembeni hauniudhi hata kidogo.

Tahadhari moja kwa anayesimamisha skrini: aina ya kioo. Skrini za bei ya chini za aina ya TN hubadilika rangi ukizitazama kutoka chini. Ukizisimamisha, ile "chini" inahamia ubavuni, na jicho la kushoto linaona rangi tofauti kidogo na la kulia. Aina ya IPS haina tatizo hilo.

Nyaya zinatisha kwa macho tu. Kila kitufe kina ncha mbili. Moja inakwenda kwenye waya wa pamoja unaorukia kitufe hadi kitufe na kurudi kwenye bodi ndogo ya USB. Nyingine inakwenda peke yake kwenye bodi hiyo. Ukibonyeza, njia inafunga, na kompyuta inaona kama umebonyeza herufi. Nilitumia waya mweusi kwa ule wa pamoja na rangi tofauti kwa kila kitufe, na klipu za kuchomeka badala ya kulehemu. Swichi ni kitu kinachochakaa, na siku ya kuibadilisha hutaki kushika chuma cha moto cha kulehemia ukiwa umejikunja ndani ya kabati. Klipu zina saizi: za vitufe vya Kijapani kwa kawaida ni milimita 2.8 na za vile vya Kimarekani ni 4.8, kwa hiyo pima kabla ya kununua pakiti nzima.

Ndani kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na kwa gemu za enzi hizo inatosha na kubaki. Kazi yenyewe inafanywa na MAME, programu iliyoanzishwa na Nicola Salmoria mwaka 1997 na ambayo tangu 2016 iko chini ya leseni huria. Watu huidhania kuwa inaigiza gemu. Inaigiza mashine: inajifanya kuwa prosesa na saketi za wakati ule, kisha inaendesha programu halisi iliyotolewa kwenye chipu. Ndiyo maana hata kasoro huja nazo. Pac-Man ya MAME ikifika hatua ya 256 inavurugika nusu ya kulia ya skrini kama ile ya 1980, kwa kuwa hesabu ya hatua imewekwa kwenye baiti moja, kipande kidogo cha kumbukumbu, na baiti moja haifiki 256. Na wavamizi wa Space Invaders huongeza kasi kadiri wanavyopungua, kwa sababu prosesa inabaki na wachache wa kuchora. Tomohiro Nishikado, aliyeitengeneza, aliliona hilo na akaliacha. Ni bahati kubwa katika historia ya gemu, kwa maoni yangu.

Suala la haki liko wazi kuliko watu wanavyopenda liwe. MAME ni halali. Yaliyomo kwenye chipu za gemu ni mali ya wenyewe, umri haujayafuta. Kuna gemu chache ambazo wenye haki wameruhusu zigawiwe bure kwa matumizi yasiyo ya biashara, kama Gridlee na Robby Roto, na kampuni kadhaa huuza mikusanyo ya gemu zao za zamani. Nilianza na hizo za bure kujaribia paneli, na zilinitosha kwa kazi hiyo.

Kisha kuna uchelewaji, kile kipindi kati ya kidole na picha. Kwa picha 60 kwa sekunde, kila picha inakaa milisekunde 16.7. Bodi ya vitufe inachukua kidogo, programu kidogo, skrini kidogo, na vidogo hivyo vikikutana mchezaji anaanza kusema gemu "imekuwa nzito" bila kujua kwa nini. Televisheni ndizo mbaya zaidi kwa sababu hupenda kuipamba picha kabla ya kuionyesha. Kama ndiyo uliyonayo, tafuta kwenye menyu yake hali ya gemu uiwashe. Skrini ya kompyuta kwa kawaida haina urembo huo.

Kuzima nako kunahitaji mpango. Swichi kuu inayokata umeme wa kabati lote ni jambo zuri kwa spika na taa, lakini Raspberry Pi ikikatiwa umeme katikati ya kuandika, kadi yake ya kumbukumbu inaweza kuharibika. Niliongeza kitufe kidogo nyuma ya kabati kinachoiambia izime kwanza. Wageni hawakijui, na afadhali wasikijue. Nyuma hiyohiyo pana matundu ya hewa, chini na juu, ili joto lipande na kutoka bila feni kupiga kelele.

Spika ni moja, juu ya skrini, imetazama chini. Pac-Man ilikuwa na sauti ya upande mmoja, na spika ya pili ingerudia yaleyale. Taa ya kibao cha juu ni utepe wa LED nyuma ya akriliki. Mbavu za kabati nilizipaka rangi nyeusi na kuziacha. Michoro mikubwa ya pembeni inapendeza kwenye picha, lakini unapocheza huioni.

Kinachoshangaza wageni ni ufupi wa orodha ya gemu. Nimekaa mbele ya makabati yenye maelfu ya gemu na nikaona watu wakipekua majina, wakifungua moja, wakiiacha kabla maisha ya kwanza hayajaisha, wakirudi kupekua. Sarafu ilikuwa inamfunga mtu: ukishaitumbukiza, unacheza mpaka mwisho. Nyumbani hakuna sarafu, kwa hiyo kinachokufunga ni uchache. Zangu zinaenea kwenye skrini moja bila kushuka chini, na zile zenye jedwali la alama bora zina herufi tatu za majina ya watu wa nyumba hii. Ugomvi wa jedwali la Galaga haujaisha.

Mdogo wangu amekuwa akidai Street Fighter II tangu mbao zikiwa bado hazijakatwa, na ana hoja. Kwa sababu paneli imefungwa kwa bolti nne na plagi moja ya USB, naweza kuitoa na kuweka nyingine. Sentimita 65 zinawatosha watu wawili wenye vitufe sita kila mmoja wakikubali kubanana mabega. Jostiki za paneli hiyo zitabaki na mraba wake wa kawaida, maana pale mishazari inahitajika. Picha itakuwa imelala ndani ya skrini iliyosimama, na hapo kuna jambo la kuangalia: gemu hiyo ina pikseli 384 kwa 224, ila ilikuwa ikionyeshwa kwenye kioo cha 4 kwa 3, kwa hiyo pikseli zake si mraba. Ukiziacha mraba, wapiganaji wananenepa. Ile hesabu yangu safi ya mara 5 haifanyi kazi hapa; itabidi kukubali programu ilainishe picha kidogo. Katoni ya paneli ya pili tayari iko juu ya rafu, na mdogo wangu anasema vitufe vya mateke viko mbali mno na kidole gumba chake. Gemu hiyo haichezwi kwa kidole gumba, lakini hilo tutaligombania kwenye katoni, kabla ya drili.